Sukari Itatoka Wapi?

Nguba, Bukavu
Tarehe 15 Novemba 1998

Mpendwa kaka Adalbert,

Pokea salamu zangu toka nyumbani. Mguu wako umepona? Georgette na watoto wanaendeleaje huko Nairobi? Sisi tunapumua. Barua hii ataileta padri mmoja anayepitia Kigali, maana posta haifanyi kazi tangu vita ianze.

Kaka, kaa kitako kwanza. Dada yetu Constance ametutoka. Tulimzika Jumanne hapa mjini. Njia ya kwenda kijijini Nyantende haipitiki, hivyo hakulala karibu na mama. Hilo linaniuma mno.

Usijilaumu. Insulini uliyotuma ilifika salama. Umeme hakuna, tukaiweka kwenye mtungi wa maji kama ulivyoagiza, ikabaki baridi.

Shida ilikuwa njaa. Unamjua dada: chakula kikipungua, ndiye wa kwanza kusema ameshiba ili watoto wale. Na siku asizokula, hakujidunga. Nilipomuuliza alinicheka: «Sijakula kitu, Delphine. Sukari itatoka wapi? Acha dawa ingojee siku ya kula.» Unajua hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno.

Kisha akawa anakunywa maji bila kiu kukatika, akatapika, pumzi yake ikanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tulimfikisha hospitali akiwa hana fahamu tena. Daktari alinieleza taratibu: «Maman, ini yenyewe iko inatengeneza sukari. Mutu asipokula, inaitoa na kuiweka mu damu. Insulini ndiyo inaiambia, basi, imetosha. Insulini ikikosa, ini haiache.» Kumbe damu ya dada ilijaa sukari, na mwili wake haukuweza kuitumia.

Watu wanasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nasema ni vita, na sitaki kunyamazishwa.

Dawa iliyobaki nimempa jirani yetu Anne-Marie. Binti yake Déborah ana ugonjwa huohuo. Jana kwao hawakupika. Nilikwenda nikasimama mlangoni mpaka akadungwa kipimo alichopangiwa na daktari kwa siku za njaa. Mtoto akaniuliza: «Maman Delphine, hata kama sijakula?» Nikamwambia ndiyo, hata kama hujakula. Nikatoka nje nikalia.

Shemeji Isidore, mume wa marehemu dada, anakusalimu. Nibusie wanao Lydie na Yannick. Mungu awafunike huko mliko.

Kaka, ukipata dawa nyingine, usiache kuituma. Mtungi uko palepale kwenye kona yake, na maji ninayabadilisha kila asubuhi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Delphine