Shingo ya Tandala

Nyumba ya uani,
Mtaa wa Jules, Malvern,
Johannesburg.
20 Juni 2025

Wifi yangu mpendwa Shufaa,

Assalaam aleikum warahmatullah. Hujambo wewe, na mumeo, na watoto? Goti la Mama limepata nafuu, au bado anakesha akilikanda? Na yule kitinda mimba wako, kifua kimeacha kukoroma? Nijibu yote hayo, usiniandikie "tuko salama" kama ulivyozoea. Sisi huku baridi imetushika kisawasawa, nauza vitunguu na bizari nikiwa nimevaa makoti mawili, lakini wazima. Wazima wa mwili, nataka kusema.

Utashangaa kuona karatasi zama hizi. Ningekupigia, ila simu yako wewe husikilizwa na nyumba nzima kwa sauti ya juu, na haya sitaki Mama ayasikie. Nitampa Bakiri, jirani yangu muuza viatu, anakuja Tanga kwa basi. Ukiona bahasha imefunguliwa, ujue ni yeye, hana dogo.

Habari yenyewe ni ya kaka yako Luqman. Yu hai, hajaumia, tulia kwanza.

Wewe kila siku unamcheka kwamba amekwenda Afrika Kusini kuchunga wanyama wasio na mwenyewe. Sikatai. Lile shamba analofanyia kazi huko kaskazini halina uzio wa maana, na tandala hata ukimwekea uzio ataruka. Mwenye shamba, mzee wa Kikaburu anayeitwa Oom Faan, anataka madume yenye pembe kubwa, zile zinazojisokota kama kizibuo, maana wageni husafiri kutoka ng'ambo kuja kuwinda dume mzee mmoja tu na kurudi na kichwa chake kukitundika ukutani. Sasa dume ili azeeke lazima aachwe apite mwaka huu, na mwaka ujao, na mwingine. Ukimwacha wewe, leo yuko kwako, kesho yuko kwa jirani, na jirani naye ana bunduki.

Hapo ndipo kaka yako alipofanya kazi ambayo hata mimi nilikuwa siielewi. Chumvi aliweka, mitego ya waya aliiokota, kichaka wanamolala alikataza mtu asikikanyage. Lakini kazi kubwa ilikuwa kwenda kwa majirani, kunywa chai yao na kuzungumza. Mkubwa wao ni Ntate Mashilo, mzee wa kijiji kinachopakana na shamba. Wakakubaliana: dume yeyote ambaye pembe zake hazijakamilisha mizunguko haguswi na mtu, awe upande gani. Akipatikana mzee, nyama inakwenda kijijini. Hakuna kilichoandikwa, ni mdomo kwa mdomo, na miaka yote hii wameshika.

Basi Jumamosi iliyopita mgeni akampiga yule dume mzee waliyemngojea siku nyingi. Akaanguka lakini hakufa. Luqman ndiye aliyemfikia kwanza. Wifi, wewe unamjua baba yenu, Mungu amrehemu, aliwalea nyuma ya machinjio. Mnyama anatapatapa, roho haijatoka, kisu kiko kiunoni. Kaka yako anasema hakufikiri hata kidogo. Alimgeuza kibla, akasema Bismillahi Allahu Akbar, akachinja. Akachinja vizuri, koo lote, kama alivyofundishwa.

Shingo ile ndiyo mgeni aliyokuwa anaitaka. Hutundikwa kichwa pamoja na shingo mpaka mabegani, na ngozi yake haitakiwi kukatwa mbele hata kidogo. Wanasema yuko fundi anayeweza kushona, lakini mgeni hakutaka kusikia habari ya kushona. Alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Halafu akadai apewe mwingine.

Na mwingine yupo mmoja tu wa kutazamika, kijana, pembe zake hazijamaliza. Oom Faan akamwita kaka yako pembeni, akamwambia kosa ni lako, na wewe peke yako ndiye unayejua anakoshinda. Nenda kwako ukafikiri. Jumanne rudi utuonyeshe alipo, na maneno yaishe. Usipotuonyesha, kazi huna.

Akaja Malvern Jumapili, amekonda uso. Aliponieleza nilipandwa na hasira, sikufichi. Nilimwambia, "Luqman, muonyeshe! Mnyama si mwanao. Umekosa, lipa." Akanitazama akasema, "Nikimuonyesha huyu, Tabia, sisi wenyewe ndio tumevunja. Nitamwambia nini Mashilo? Kesho watapiga mpaka ndama." Nikamwambia Mashilo hatulishi. Tukanuniana siku mbili. Nasra mwanetu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu Kizulu na Kiingereza, akatutazama akasema, "Eish, nyie," akaenda chumbani kwake.

Jumanne akaondoka bila kuniaga vizuri. Jumatano nimeshinda na simu mkononi, nikipiga yake haipatikani. Wateja wananiuliza bizari, nawapa pilipili. Nilikuwa naomba akubali, wifi. Nakuambia ukweli wangu, nilikuwa naomba amwonyeshe huyo mnyama arudi na kazi yake.

Jana Alhamisi akatokea mlangoni na godoro lake mgongoni.

Hakwenda kwanza kwa tajiri wake. Alikwenda kwa Ntate Mashilo akamweleza kosa lake lote, la kisu na la mgeni. Mzee akamsikiliza, akamuuliza, "Na yule mdogo yuko wapi sasa?" Luqman akamjibu, "Siku hizi analala kwako." Mzee akasema, "Basi alale." Ndipo akaenda kwa Oom Faan akamwambia hataonyesha. Anasema yule Kaburu hakufoka hata. Alinyoosha mkono tu, akadai funguo za bakkie, ile pikapu ya shamba.

Sasa nakuandikia leo Ijumaa na roho iko juu. Mgeni ana leo tu, kesho anasafiri. Oom Faan anamzungusha mwenyewe tangu jana, naye mzee yule si mjinga wa pori, na hao tandala hawajui mpaka. Yule kijana akivuka tu kurudi upande wa shamba, amekwisha. Kaka yako hakwenda msikitini Braamfontein kama kawaida yake kila Ijumaa inayomkuta mjini, kaswali hapa hapa chumbani, simu iko pembeni ya mkeka. Nimempa wali hajaugusa. Hasira zangu zimeniisha, imebaki hofu, na hata sijui namhofia nani, yeye au mnyama.

Jioni. Mashilo amepiga. Umesikika mlio wa bunduki upande wa shamba, mmoja tu. Hajui zaidi. Luqman amekaa sakafuni ameegemea kabati, na mimi nimekaa naye.

Jumamosi asubuhi. Shufaa, simu imelia tunakunywa chai. Alikuwa Oom Faan mwenyewe. Luqman akaweka sauti ya juu. Mzee anazungumza kile Kizulu chao cha shambani, nami nakielewa. Alisema, "Luqman, nilimwona jana. Alisimama wazi kabisa, karibu na maji." Akakohoa. "Mgeni alikuwa tayari. Nikatazama zile pembe. Nikapiga hewani, akakimbia."

Mzee akaendelea, "Mwaka mmoja bado. Labda miwili." Kisha akasema mgeni amekwenda zake ametukana ukoo wao wote, akakata simu. Habari ya kazi hakuigusa, si kumrudisha wala kumfukuza upya.

Luqman alilia, wifi. Sijamwona analia tangu tumzike baba yenu. Nilimshika kichwa mpaka chai ikapoa.

Najua ukisoma haya utataka kumpigia umwambie arudi Tanga ashike bucha ya baba yenu. Nakuomba usimpigie. Ukiwa na hamu ya kumkaripia mtu, nikaripie mimi, nimezoea, na ulimi wako naujua tangu siku ya harusi yangu. Na Mama usimwambie neno. Mwambie mwanawe mzima.

Nampa Bakiri barua hii sasa hivi, basi lao linaondoka mchana. Luqman hayupo kukusalimia kwa mkono wake. Amejitwika tena lile godoro, amekwenda kupanda gari la kaskazini. Nilimuuliza nani kamwita. Akasema hakuna. Sikubishana naye. Nilimfungia ule wali wa jana, nikauongezea samaki, nikamsindikiza hadi kwenye robot ya kona, zile taa za magari.

Mbusie Mama mikono yote miwili. Msalimie mumeo, na Mjomba Shehe, na yule kitinda mimba mpake mafuta ya kifua kwa niaba ya shangazi yake wa kujipachika. Nasra anawasalimu, kwa Kizulu. Mola awahifadhi nyote, mlale na kuamka kwa heri, na atukutanishe tukiwa na meno yetu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukininunia,

Tabia