Haionekani, Haijaonekana

Carletonville, 4 Mei 2009

Mama Lineo,

Habari za huko milimani? Mama hajambo? Mwanangu ananyonya vizuri? Mimi mzima, ni vumbi la mgodini tu. Mkate ulionifungia niliumaliza kabla ya mpaka. Pasaka imeisha upesi mno!

Acha wasiwasi juu ya kile kipimo changu cha HIV. Cha kwanza kilidai ninayo, lakini cha pili, cha kuthibitisha, kikakaa kimya. Nesi alisema haionekani. Yamekwisha.

Mumeo,
Baba Lineo

Mokhotlong, 11 Juni 2009

Baba Lineo,

Mama yako mzima, kondoo wazima. Afya yako siiulizi, maana naijua.

Baada ya wewe kuondoka nilishikwa na homa, koo likavimba, vipele vikajaa kifuani. Nikaenda zahanati, Lineo mgongoni. Kipimo cha kwanza kikadai ninayo. Cha pili kikakaa kimya. Nikajifunga blanketi niende zangu, kama ulivyofanya wewe. Nesi Mamello akanishika mkono.

"Kaa chini. Sikusema haionekani. Nimesema haijaonekana."

"Si ni hayo hayo?"

"Thubutu! Kipimo hiki hakitafuti kirusi. Kinatafuta askari ambao mwili unawaunda kupigana nacho. Ugonjwa ukiwa mpya, askari ni wachache: cha kwanza chaweza kuwanusa, cha pili hakiwaoni. Na wakati huo kirusi chenyewe kimejaa tele."

Wakachukua damu nyingine wakakitafuta chenyewe. Kipo.

Sasa niambie nesi wa huko alisemaje, neno kwa neno. Mtoto ananyonya, Baba Lineo!

Mkeo,
Mama Lineo

Carletonville, 2 Julai 2009

Mama Lineo,

Salamu kwa mama. Hata marehemu baba hakuwahi kuniandikia hivyo. Cha kuthibitisha kimethibitisha! Kwenu kuthibitisha ni nini? Jiulize wewe na huyo mwenye farasi ninayesikia anakuletea kuni.

Haionekani, haijaonekana, yote si mamoja? Alisema nirudi baada ya mwezi. Nani hurudi kuuliza alichokwisha jibiwa? Na likizo ilikuwa imefika.

Mumeo,
Baba Lineo

Mokhotlong, 20 Agosti 2009

Baba Lineo,

Salamu zimefika. Mama yako anakohoa kidogo.

Mwenye farasi ni mjomba wako Khotso, mzee asiye na meno. Utamwomba radhi wewe mwenyewe.

Ulipewa neno ulilete nyumbani, ukalila njiani kama mtoto aliyetumwa sukari. Ungesema haijaonekana, ningekupikia, ningekutandikia kando, tungengoja. Nina hasira nawe, Tšeliso. Nikisonga ugali nina hasira, nikiamka ninayo.

Nameza dawa, Lineo anapewa ya maji. Yeye walimtafutia kirusi chenyewe, maana askari walio mwilini mwake huenda ni wangu. Jana jibu limekuja. Mama yako alimwona nesi anatabasamu, akapiga kigelegele: "Hana! Mjukuu wangu hana!"

Mimi mkamwana nikamkatiza mama mkwe mbele za watu. "Mama, nesi amesema haijaonekana. Atapimwa tena na tena mpaka nimwachishe ziwa. Sema hivyo hivyo."

Nilidhani atanichapa. Akalisema lile neno polepole, lote, huku analia.

Sasa ni zamu yako. Rudi kwa huyo nesi. Na ukiandika, niletee neno zima.

Mkeo,
Mama Lineo