Dada, Mghoi Alipumua

Dada yangu mpendwa,

Nasikia siku hizi uko Mombasa, unasimamia wakunga wenzako. Hongera. Mimi sikuombi kitu ila ukweli.

Unakumbuka likizo yako ya kwanza kutoka chuo cha ukunga? Tulikuwa shambani Werugha tukichuma njegere, nami nimeshika daftari lako, wewe unakariri. Mtoto akitoka akapumua hata mara moja, amezaliwa hai. Akifa baadaye huandikwa mara mbili, kwa waliozaliwa na kwa waliokufa. Ulikosea ukasema lazima alie, nikakusahihisha mimi wa darasa la saba. Ulicheka ukanirushia maganda.

Ndiyo maana uchungu uliponishika nilipita zahanati zote nikateremka hadi kwako, hospitalini Voi. Sikutaka mikono mingine. Mghoi alitoka mdogo mno, hakulia. Ulimlaza kifuani pangu, nikaona mbavu zake zikipanda na kushuka. Nilihesabu hadi kumi na nne, kisha akatulia. Ulikuwa umesimama hapo hapo, dada, ukihesabu nami.

Kesho yake nililiona daftari la wodi mezani. Uliandika kwa mkono wako kwamba alizaliwa mfu. Nilipokuuliza, ulisema mwezi ule wachanga wengi walikuwa wamekufia mikononi mwako, na wakubwa wangekuja kuuliza. Waliozaliwa wafu hawauliziwi sana.

"Kwako msiba ni ule ule," ukasema. "Kwangu ni kazi."

Si ule ule. Mama aliposikia mtoto alizaliwa mfu, alikataa apewe jina lake yeye, la Mghoi. Tulimzika nyuma ya migomba upesi upesi, kama watu wanaoficha kitu. Mghoi nilimwita mimi, peke yangu, moyoni. Umenisaliti, dada, na kinyongo hicho ninacho hadi leo.

Juzi alikuja karani wa sensa. Aliuliza nimezaa watoto wangapi waliozaliwa hai, hata kama walikufa siku ile ile. Mama alikuwa kando akipepeta maharagwe, akanijibia kwamba ni watatu. Nikasema wanne. Mama akaweka ungo chini.

"Kwani alipumua?"

Nilimwambia alipumua. Akasema mkunga ni wewe, atakusikia wewe.

Karani aliandika wanne, lakini kwa penseli. Nawe unajua mama hasomi, basi usimwandikie. Njoo umwambie kwa mdomo wako, nami nikiwa nimekaa pale.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Mghoi