Kivuko na Chapati Zangu

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Mchafukoge sote wazima, na shangazi yako amepata fremu ya duka Kariakoo, hatumwoni tena!

Unauliza kwa nini wanakijiji hawavuki kwenye kivuko cha pundamilia mlichowachorea barabara kuu. Nilipokuwa binti, niliwapikia mafundi wa barabara kule Lindi. Msimamizi wao alifoka kila siku: "Vukeni kwenye kivuko!" Asubuhi moja nikamwona mwenyewe anakatiza mbele ya lori, anazifuata chapati zangu.

"Hata wewe, bosi?"

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Kesho yake kivuko kilichorwa mbele ya jiko langu.

Basi mama, kabla hujasaini kwamba kazi imekwisha, shinda asubuhi moja hapo kijijini bila chai, uone miguu yako itavukia wapi.

Bibi yako