Ripoti Niliyoiandika Juu ya Kitabu Chako

Khujand,
Jumapili, 13 Aprili 2014.

Mpendwa Mjomba Habibullo,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na mwanao Komron, mkewe na wajukuu. Magoti yanaendeleaje? Mama anasema baridi ya huko Chelyabinsk haimwachi mtu mzima mpaka Mei, na kwamba usivue soksi za sufu alizokufumia hata ukiona jua. Na macho je? Komron aliniambia siku hizi unasoma kwa kioo cha kukuzia. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa na karatasi zimekuwa nyingi.

Sisi hatujambo. Presha ya Mama imetulia tangu abadilishiwe dawa, ingawa bado anatia chumvi kwenye chai akidhani simwoni. Nauruzi ilipita salama, tulikoroga sumanak, ule uji wa ngano wa sikukuu, uani kwa akina Oysha tangu alfajiri mpaka mikono ikafa ganzi. Aprikoti zilichanua mapema, halafu baridi ikarudi ikaunguza maua yote. Mwaka huu hatutakuwa na za kukaushia, kwa hiyo usitarajie kifurushi.

Nimekaa miezi minne bila kukuandikia, na najua umejiuliza kuna nini. Kwenye simu husikii vizuri siku hizi, na hili si jambo la kulipigia kelele huku Komron akikurudia maneno yangu sikioni. Daler, kaka wa shemeji yangu, anapanda treni Jumanne, na nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi mwako.

Ni habari ya kitabu chako cha hisabati.

Kama unavyojua, mwaka jana mwezi wa Septemba chuo kilitaka kukichapa upya, maana nakala za zamani zimechanika, nyingine hazina hata jalada. Wakasema kwanza kipimwe kama bado kinamfaa mwanafunzi wa uhandisi wa maji. Ikaundwa kamati ya watu watatu: Bwana Asrorov, mkuu wa idara, Vohidov, anayefundisha mwendo wa maji, na mimi. Nilimwambia Asrorov aniache, mwandishi ni mjomba wangu, tumbo moja na mama yangu.

"Ndiyo maana nakutaka wewe," akasema. "Hapa nani mwingine amekisoma mpaka mwisho?"

Ilikuwa kweli, nikakubali. Laiti ningekataa siku ile. Nimeirudia ile siku kichwani mara nyingi mno.

Nikakifundishia muhula mzima, wanafunzi arobaini na mmoja, wengi wao kutoka vijijini. Wiki za mwanzo natamani ungekuwepo. Kuna waliokuja chuoni wakiamini hisabati ni kitu cha Kirusi tu, na kumbe kwako wanaisoma kwa lugha ile ile wanayoongea nyumbani. Pale unapoeleza ukomo kwa mfano wa mtu anayeukaribia ukuta nusu kwa nusu, darasa zima lilitulia. Binti mmoja akasema, "Kumbe ni hivyo tu?" Nilitembea mpaka nyumbani nikijisikia mkubwa.

Halafu ikaja Novemba. Tulikuwa tumeshatumia wiki tano kwenye sura ya mfululizo, uthibitisho juu ya uthibitisho, na Vohidov akaanza kunisimamisha kwenye ngazi. "Mwalimu Mavzuna, watoto wako wanajua kwa nini jibu lipo, ila hawajui ni ngapi." Nilikasirika. Nikaona ni wivu wa watu wa maji kwa watu wa hesabu, wewe unaujua.

Nina mwanafunzi anaitwa Sabohat. Ana miaka ishirini na tisa na watoto wawili, anafanya kazi ya zamu kwenye kituo cha pampu upande wa Konibodom, na chuo anasoma ili apandishwe awe fundi mkuu wa kituo. Siku moja alikuja darasani na karatasi yenye vina vya mfereji wao, alivyovipima mwenyewe kwa kamba na mti, sehemu kumi na moja kutoka ukingo hadi ukingo. Alitaka kujua eneo la mkato wa maji. Alikuwa amekipekua kitabu chako chote.

"Mwalimu, humu kila mfano una fomula," akasema. "Mfereji wetu hauna fomula."

"Ulikuwa nayo," akadakia mmoja wa nyuma, "ng'ombe wakaikanyaga."

Darasa likaangua kicheko. Sabohat hakucheka. "Huyu mzee aliyekiandika," akaniuliza, "kweli amewahi kulowa miguu?"

Mjomba, nami nilicheka pamoja nao. Majina yetu ya ukoo ni tofauti, hakuna aliyejua. Ningeweza kuwaambia huyo mzee ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa kokwa za aprikoti kabla sijaanza shule. Niligeuka nikafuta ubao.

Kisha nikamwonyesha: ugawe mfereji vipande, kila kipande ukihesabu kama trapeza, halafu ujumlishe. Tulitumia dakika kumi na karatasi moja. Akaitazama ile karatasi, akasema, "Ni hii tu?" Nikamwambia ni hiyo tu. Baada ya hapo nilikifungua kitabu chako na kuanza kukitazama kama mtu asiyekufahamu, na ndivyo nilivyouona ule upungufu. Kurasa mia nne na kumi, na hakuna hata moja inayomwambia mwanafunzi afanye nini akiwa na vipimo tu. Mazoezi yako yote yanatoka namba nzima. Nilikuwa nikiyapenda kwa sababu hiyo hiyo nilipokuwa msichana.

Nikaandika ripoti. Sikutaka kukupendelea wala kukuonea. Kurasa nne nilieleza uzuri wa kitabu: lugha yake, mpangilio wake, jinsi kisivyomdharau msomaji. Kurasa saba nikaorodhesha kasoro, kila moja na ukurasa wake na namna ya kuirekebisha. Nikapendekeza sura ya mfululizo ipunguzwe nusu, na iongezwe sura mpya ya kuhesabu kwa vipimo, na nikajitolea kuiandika mwenyewe kwa idhini yako. Niliziandika zile saba kwa ajili ya kitabu, Mjomba. Niliona kitabu kinachorekebishwa ni kitabu kinachoishi.

Kikao kilikuwa tarehe kumi na moja Machi. Asrorov alisoma kwa sauti kurasa zile saba, kasoro moja baada ya nyingine, bila marekebisho yake. Zile nne hakuzigusa. Alipomaliza akavuta begi chini ya meza, akatoa kitabu kinene cha Kirusi, akakiweka mbele yetu. Alikuja nacho tayari.

"Hiki kina kila kitu ambacho mwalimu Mavzuna analalamikia kukikosa," akasema. "Cha kwetu tumekipa nafasi."

Nikamwambia nimeandika kirekebishwe, sikuandika kiondolewe.

"Umeandika vizuri sana, binti yangu. Bila ripoti yako tusingejua tuanzie wapi."

Nikamwuliza wanafunzi wangapi wanaokisoma Kirusi. Akasema watajifunza, kwani yeye alijifunza vipi? Nilimtazama Vohidov, nikidhani atanisaidia. Alikuwa akifunua kurasa za grafu kwenye kile kitabu kipya, na siwezi kumlaumu, grafu zilikuwa nzuri. Akasema kwa upole, "Mimi nataka watu wanaojua kuhesabu bomba, Mavzuna. Lugha si kazi yangu."

Wakaniletea muhtasari nitie sahihi. Nikasema nitasaini nikieleza kwamba sikubaliani. Katibu akaigeuza ile fomu mbele na nyuma, akasema haina sehemu ya kuandika hivyo. Nikasema basi sisaini. Asrorov akasema sahihi mbili zinatosha, ila ripoti itaambatanishwa na ina jina langu, kwa hiyo watu watashangaa tu. Mwisho nikasaini. Sina sababu nzuri ya kukupa. Nilichoka, na nilijua kwamba nikisaini au nisiposaini, kesho yake ingekuwa ile ile.

Baada ya Nauruzi tukaanza na kitabu kipya. Katika wale arobaini na mmoja, wanaokisoma bila shida ni tisa. Wengine namtafsiria kila mmoja sentensi kwa sentensi, na saa inaisha tukiwa kwenye ukurasa ule ule. Kila kitu walichokikosa kimo humo, kwenye ukurasa wa mia mbili na kitu, chenye michoro kabisa, na hawawezi kukifikia.

Wiki iliyopita Sabohat alikuja ofisini kuaga. Zamu, watoto, na sasa kamusi juu yake, amesema hawezi. Nilimsihi amalizie hata mwaka huu. Nilimwambia nitamfundisha peke yake.

"Utanifundisha mimi, na wale wengine?" akasema. "Acha tu, mwalimu. Kile cha yule mzee kilinikosea, lakini kilinikosea kwa lugha yangu, nikaweza kubishana nacho. Hiki hata sijui kama kinanikosea."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema yule mzee ni mjomba wangu. Akashika mdomo, akaomba radhi kwa ile habari ya miguu, nami nikamwambia ningepaswa kuomba radhi mimi. Kisha akasema, "Mwambie sura ya tano niliielewa yote, tena nikiwa zamu, pampu zinanguruma." Akaniacha. Nafasi ya fundi mkuu wamempa mwingine.

Orodha ya makosa ya chapa uliyonitumia nimeipata. Ilifika siku tano baada ya kikao. Kurasa tisa, kwa mwandiko wako unaopanda juu siku hizi, na pale ulipoandika "kwa chapa ya pili, inshallah." Nimeisoma yote. Umekosea mara moja tu: ukurasa wa themanini na sita alama ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Sijui niipeleke wapi, Mjomba. Sikuombi unisamehe, kwa sababu najua utafanya hivyo siku hiyo hiyo, na haitabadilisha kitu. Niandikie tu kwamba umeipata barua, ili nisikae nikidhani Daler ameipoteza.

Nisalimie Komron, mwambie asikusomee hii, uisome mwenyewe polepole. Msalimie mkewe Nigina, na wajukuu Behruz na Shahlo wabusu kwa niaba yangu. Oysha jirani anakusalimu na anauliza kama bado unacheza sataranji. Mungu akupe afya ya macho na magoti, na atukutanishe tungali tunatambuana.

Mama naye anakusalimu sana. Amesimama mlangoni sasa hivi na bakuli la zabibu kavu za kumpa Daler akuletee, badala ya aprikoti. Anauliza kama nimekumbuka kukuandikia kwamba kitabu chako bado kinasomwa chuoni, maana amewaambia wanawake wote wa mtaa. Nimemjibu kwamba nimekuandikia.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukuonea haya,
Mavzuna