Chai ya Chupa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo wateja wachache mno, na mmoja aliingia kuuliza choo. Tangu ile hoteli ya taili ifunguliwe ng'ambo ya barabara, watu wanapita mlangoni kwangu bila hata kugeuza shingo. Nimechoka. Si miguu tu — hata kufikiria kumenichosha. Mwezi huu ukiisha hivi, nafunga hoteli, narudi kwa mama Murang'a. Basi!

Jumanne, 4 Februari

Caro amepiga simu. Huyu binti yangu tangu aingie chuo ana jibu la kila kitu. Ati shida si huu mji wetu wa Kitengela wala ile hoteli nyingine, ni mimi nimezoea mambo yale yale. Ati nivunje ratiba, nifanye mambo tofauti, akili itaamka. Nikamwambia akili yangu inaamka saa kumi alfajiri kila siku, pamoja na mimi, kupika chai na kujaza chupa. Akacheka. Mimi sikucheka.

Chupa zangu nazipenda. Mteja akikaa, chai iko mezani kabla hajavua kofia. Nani mwingine hapa anafanya hivyo?

Jumatano, 5 Februari

Nimejaribu. Nimeenda kazini kwa njia ya nyuma. Mbwa! Nimefika na kiatu kimekatika mkanda.

Wazo — hakuna.

Alhamisi, 6 Februari

Caro hachoki. Sasa anataka niende mbali siku nzima, peke yangu. Nani atashika hoteli? Akasema Seleyian, mke wa ndugu yangu Irungu, yule anayekaa Kajiado. Seleyian! Mtu wa kusalimia kila mtu hadi aulize ng'ombe wanaendeleaje. Lakini hoteli imeshakufa, ataharibu nini? Nimempigia, amekubali haraka mno. Nimemwagiza: chupa zijae mapema. Na asiyenunua asikae.

Jumamosi, 8 Februari

Niko Kona Baridi, juu kabisa ya bonde. Upepo umenipiga mpaka masikio yanauma. Nimekaa kwenye jiwe kungoja wazo. Nikawaza sufuria. Nikawaza kama nilifunga gesi. Bonde lote lile chini, zuri kweli, na mimi nalia tu. Uchovu, nadhani.

Mchana nikampigia Seleyian. Kelele hizo nyuma yake! Anasema alichelewa kutoka Kajiado, akakuta watu wawili watatu wako mlangoni na hakuna chupa iliyojazwa. Basi akatoa jiko la makaa, akaliweka mlangoni, anachemsha chai kila watu wakiingia. "Usijali, Mama Caro. Wanangoja tu."

Wanangoja! Kwangu mteja hajawahi kungoja chai. Sikumaliza hata ndizi niliyobeba. Nikarudi mbio.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Naandika nikiwa kwenye benchi, ndani ya hoteli yangu. Benchi la nyuma, maana mbele kumejaa.

Harufu ya maziwa na tangawizi nimeipata nikiwa bado stage ya matatu. Watu wanangoja chai, wakingoja wanapiga stori, wakipiga stori wanaagiza chapati. Hata Mugo wa kinyozi, aliyenihama akaenda ile hoteli ya ng'ambo, yuko pale. Seleyian amevaa aproni yangu. "Sopa!" ya Kimaasai kwa kila anayeingia, na habari za nyumbani, na anasimama kusikiliza jibu. Chupa zangu ziko chini ya meza, zimepinduliwa, kavu.

Nimefurahi. Kweli nimefurahi. Na inaniuma sana — siku moja tu nimetoka!

Mzee wa shuka aliyekaa kando yangu ameniuliza kama ni mara yangu ya kwanza hapa. "Hii chai ni ya kungojwa, mama. Tulia tu."

Nikamwambia ndiyo, mara ya kwanza.

Sasa Seleyian ameniona. Ameshika fundo la aproni mgongoni, hajui kama afungue ama aache. Ananiuliza kwa sauti, huku wote wamegeuka kunitazama: "Mama Caro, nikuletee chai, ama unaingia jikoni?"

Jikoni hakuna moto. Moto uko mlangoni, kwake.

Wanangoja nijibu. Mzee anasogea kidogo kwenye benchi, ananipa nafasi nikae vizuri. Na chai bado inachemka —