Keria ya Theluji Huku Kimulot

Mama Chebet mpenzi, binti yetu anakusalimu. Mvua hapa haijapumzika tangu asubuhi.

Nimekasirika! Mkwe wetu Kibet alipakia mbao za zizi kwenye keria ya juu ya paa iliyokuja na gari lake kutoka Japani. Nikaichunguza: ni vishikio vya mpira vya kubana skii, yaani vibao vyepesi vya kutelezea theluji. Nikamweleza polepole. Akacheka, "Baba, keria ni keria tu."

Kwenye mteremko wa kwanza vishikio vikaachia, na mbao zikaanguka karibu na miguu ya mama aliyebeba majani ya chai.

"Wee kijana, uniue kwa sababu ya ng'ombe wako?"

Yule mama akambebesha Kibet kikapu chake mpaka kituo cha kupimia chai, mvua ikimnyeshea. Sikumtetea hata kidogo.

Mbao zimeletwa na punda. Kibet asipofunga keria ya chuma, yenye bolti zinazoshika reli za paa, nitarudi nyumbani kwa miguu. Niwekee mursik, maziwa yangu ya kibuyuni, mama, na ujifunike vizuri.

Mzee wako